Ndege zimesimama. Maisha yetu nayo yasimame?

 

Wiki hii imetimia mwaka mmoja tangu tarehe 27 Januari 2025. Wengi tunaikumbuka siku hiyo kwa jambo moja, lakini yalikuwa mawili. Usiku wa kuamkia siku hiyo waasi wa M23 waliingia Goma na kutangaza kwamba mji ni wao. Na siku hiyohiyo, kule Washington, amri ya Rais Donald Trump ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi ikaanza kufanya kazi. Alikuwa ameisaini tarehe 20, siku ileile aliyoapishwa. Kwa hiyo Mkongo aliyeko kambini alifungiwa njia ya kurudi nyumbani na njia ya kwenda mbele kwa siku moja.

Sisi tunaojitolea kwenye dawati la taarifa tulikuwa kazini asubuhi ile. Kuna waliokuja kuomba kuchaji simu ili wapige Goma wasikie kama mama yao yuko hai, na simu za kule zilikuwa haziingii. Na kuna waliokuja na bahasha zao za karatasi za prosesi, wamezifunga kwenye mfuko wa plastiki zisilowe, wakauliza swali moja: "Mwana wangu, banasema nini juu ya ndege?" Hatukuwa na jibu. Habari tulikuwa tumezisoma kwenye simu kama wao.

Mwaka umepita, na swali hilo bado tunaulizwa karibu kila siku. Ndiyo maana tumekaa chini, sisi tunaokaa kwenye dawati lile, tukabishana, halafu tukakubaliana tuandike. Hatusemi kwa niaba ya kambi nzima. Haya ni maoni yetu.

Kwanza tueleze kidogo, kwa sababu kuna watu wa nje wanaofikiri kwamba kusimamishwa kwa ndege maana yake ni mtu alikuwa anatumaini, sasa hatumaini tena. Haiko hivyo. Prosesi ni ngazi ndefu. Unahojiwa na HCR. Unahojiwa tena na Wamarekani, kila mtu wa familia peke yake, na mkitofautiana tarehe ya kifo cha babu mnaulizwa upya. Mnachukuliwa alama za vidole. Kuna uchunguzi wa usalama. Kuna vipimo vya afya. Kuna mafunzo ya jinsi ya kuishi huko, mnafundishwa mpaka namna ya kutumia choo cha ndani ya ndege. Halafu ndiyo tarehe. Na kila hatua ina muda wake. Vipimo vikipitwa na muda unarudia. Mtoto akizaliwa katikati, kesi inarudi nyuma. Kuna familia tunazozijua ambazo zilipanda ngazi hiyo miaka minane, nyingine kumi.

Sasa mtu wa hivyo akipewa tarehe anafanya nini? Anagawa vitu vyake. Hiyo imeshakuwa desturi kambini, hakuna aliyetufundisha. Sufuria kwa jirani, kuku kwa shemeji, kishamba cha nyuma ya nyumba kwa rafiki. Nyumba yenyewe anaachiwa mtu aliyefika karibuni ambaye bado yuko kwenye turubai.

Tunamjua fundi cherehani mmoja, baba wa watoto watano. Tarehe yake ilikuwa mwanzoni mwa Februari 2025. Cherehani aliiuza wiki mbili kabla, hela akanunulia mabegi na viatu vya watoto, vile vinavyofunika mpaka juu, kwa sababu aliambiwa huko wanakokwenda kuna barafu. Amri ikatoka. Akabaki na viatu vya barafu hapa Kigoma. Nyumba alikuwa ameshampa mtu, na hakuwa na moyo wa kumfukuza, kwa hiyo familia mbili zikaishi pamoja, watu kumi na mmoja kwenye vyumba viwili. Kila akienda sokoni alikuwa anaiona mashine yake ikishonwa na mwingine.

Tunamjua pia binti mmoja ambaye hakufanya mtihani wa mwisho wa sekondari. Alisema cheti cha hapa hakitamsaidia kitu, atamalizia Marekani. Leo hana cheti cha hapa wala cha huko.

Kwenye makundi yetu ya simu mjadala umekuwa moto mwaka mzima. Wako wanaosema Trump ni mtu mbaya, yamekwisha. Wako pia, na si wachache, wanaosema ana haki. Kijana mwenzetu mmoja aliandika hivi: "Kila nyumba ina mwenyewe. Mwenye nyumba akisema amechoka na wageni, mtamlazimisha?" Alitukanwa sana. Sisi tunaona alitukanwa bure, kwa sababu hoja yake si ya kijinga, inastahili kujibiwa.

Ukweli ni kwamba Marekani imepokea wakimbizi zaidi ya milioni tatu tangu ilipotunga sheria yake ya wakimbizi mwaka 1980. Katika mwaka wao wa bajeti wa 2024 waliingia zaidi ya laki moja, na Wakongo ndio waliokuwa wengi kuliko watu wa taifa lingine lolote, karibu elfu 20. Wengi wetu tuna shangazi, kaka au rafiki kule, na hela ya dawa ikikosekana tunajua tunampigia nani. Tena tukubali jambo moja ambalo vijana wengi hawapendi kulisikia: kupelekwa nchi ya tatu hakujawahi kuwa haki ya mkimbizi. Sheria za kimataifa zinasema usirudishwe kwenye hatari. Hazisemi kwamba nchi fulani ya mbali lazima ikuchukue. Ilikuwa ni hiari yao. Hapo kijana yule alisema kweli.

Lakini mwenye nyumba huyu hakusema amechoka na wageni. Tarehe 12 Mei 2025, wakati ndege zetu zimesimama, ilitua karibu na Washington ndege iliyobeba Wazungu 59 kutoka Afrika Kusini, Waafrikana, ambao wazee wetu wanawaita Makaburu. Walipokewa kama wakimbizi. Hawakukaa kambini hata siku moja. Kutoka kwenye amri ya kuwapokea mpaka kutua kwao ilikuwa miezi mitatu. Halafu mwezi Oktoba serikali hiyo ikatangaza idadi ya wakimbizi itakaowapokea kwa mwaka mzima: 7,500. Serikali iliyopita ilikuwa imepanga 125,000. Na katika hao 7,500 ilisemwa waziwazi kwamba wengi watakuwa Waafrikana.

Hatuna chuki na mtu yeyote aliyepanda ndege ile. Mtu akisema anaogopa, asikilizwe. Sisi wenyewe tuliomba kusikilizwa. Tunachosema ni kwamba nafasi ilikuwepo na miezi mitatu ilitosha. Waliangalia, wakachagua. Basi tusiambiane kwamba nyumba ilijaa.

Na mji uleule uliotufungia ndege ndio uliotuandalia amani. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walisaini makubaliano Washington. Mwezi Julai serikali ya Kongo na M23 wakasaini tamko lao Doha. Tarehe 4 Desemba marais wenyewe, Tshisekedi na Kagame, wakaenda Washington wakasaini mbele ya Trump. Siku hiyohiyo Kongo na Marekani zikasaini ushirikiano wao ambao ndani yake kuna mambo ya madini. Tuliangalia picha zile kwenye simu, watu kumi kwenye simu moja. Mzee mmoja akasema, "Kobalti yetu na koltani yetu hazina shida ya karatasi, zinafika tu. Shida ni sisi."

Haikupita wiki, M23 wakaingia Uvira. Wengi wa hapa kambini wametoka Uvira, Baraka na Fizi. Watu wetu wakavuka kwenda Burundi, wengine kwa mara ya tatu maishani mwao. Baadaye M23 walisema wanaondoka Uvira, lakini aliyekimbia harudi kwa sababu ya tangazo. Tulisikia pia kwenye makubaliano yale kwamba wakimbizi watarudi nyumbani kwa hiari na kwa heshima. Hatukatai. Tunapenda kwetu. Ila hakuna aliyekuja hapa kutuuliza tunahitaji kuona nini kwanza ndipo turudi. Sisi tungemjibu kwa maneno machache: shamba langu liwe tupu, aliyelichukua awe ameondoka, na barabara ya kwenda sokoni isiwe na vizuizi vitatu vya watu watatu tofauti wenye bunduki.

Mpaka hapa tumelalamika, na kulalamika tunakujua. Sasa tuseme lile lililotufanya tuandike.

Maoni yetu ni haya: hata ndege zikifunguliwa kesho asubuhi, tusirudie kungoja kama tulivyokuwa tunangoja.

Kila mwaka, katika wakimbizi wote wa dunia, wanaopelekwa nchi ya tatu hawafiki asilimia moja. Yaani chukua watu mia wa kijiji chako hapa kambini, hata mmoja kamili hatimii. Na hesabu hiyo haikuletwa na Trump, ilikuwa hivyohivyo wakati ndege zinaondoka kila wiki. Lakini ukiangalia tulivyokuwa tunaishi, ungefikiri katika mia wanaondoka tisini.

Mtu hapandi mwembe kwa sababu yuko kwenye prosesi. Kambi hii ina watu walioingia mwaka 1996. Aliyepanda mwembe mwaka ule angekuwa ameshakula maembe zaidi ya miaka ishirini, yeye na wajukuu. Mtu haendi kujifunza useremala kwa sababu yuko kwenye prosesi. Kijana anaoa lakini anamficha mke, hataki aandikishwe, kwa sababu kuongeza mtu kwenye kesi ni kurudi nyuma. Mtoto anazaliwa anaandikwa kwa bibi yake. Tumefika mahali ambapo karatasi ya kesi ndiyo inayoamua nani ni mume wa nani.

Na sisi wa dawati la taarifa tulishiriki. Tuseme wazi. Mtu akija na wasiwasi tulikuwa tunamjibu, "Mama vumilia, prosesi ni hatua." Jibu hilo tulifundishwa, tukalizoea, tukalirudia mpaka kwa watu ambao tulikuwa tunaona wazi kwamba kesi zao zimelala miaka mitano. Hatukuwa na nia mbaya. Tuliona aibu kumwambia mtu hapana. Lakini mtu aliyeambiwa hapana anaanza kupanga kitu kingine, na anayeambiwa vumilia anabaki amekaa.

Tena kungoja kwetu kuliwafaa wengi. Wakati foleni ya ndege inaonekana kama inatembea, hakuna aliyelazimika kujibu swali gumu zaidi: kwa nini mtu aliyeishi mahali miaka 25, watoto wake wamezaliwa hapo, hawezi kuendesha baiskeli kilomita kumi nje ya geti kwenda kuuza nyanya bila kuogopa kukamatwa? Serikali haikuulizwa, maana hawa watu wanaondoka. Wafadhili hawakuulizwa, maana tayari wanachukua baadhi. Mashirika nayo hayakuulizwa. Sisi wenyewe hatukuuliza, maana tulikuwa tumeshafunga mabegi.

Ndege zimesimama, swali limebaki. Tuliulize kwa heshima lakini kwa sauti.

Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951, ambao nchi zetu jirani zote hizi zimeukubali, unazungumzia kazi ya mshahara katika ibara ya 17 na uhuru wa kutembea katika ibara ya 26. Kwa hiyo hatuombi kitu kipya. Uganda ina sheria ya mwaka 2006 inayomruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na ndiyo nchi ya Afrika yenye wakimbizi wengi kuliko zote. Kenya ilitunga sheria mpya mwaka 2021, na mwaka jana ikazindua Mpango wa Shirika wa kugeuza kambi ziwe makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji. Utekelezaji wake wenzetu wa Kakuma watatueleza wenyewe, lakini angalau neno limeandikwa.

Na Tanzania? Hapa tunataka kusema kwa uangalifu, kwa sababu nchi hii ilitupokea sisi na wazazi wetu tulipokuja miguu peku, na hatujasahau. Lakini mfano mzuri kuliko yote uko hapahapa Tanzania, hatuna haja ya kwenda kuutafuta mbali. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walilima mpaka wakajitosheleza na kuuza kwa wengine. Mwalimu Nyerere alipewa tuzo ya Nansen mwaka 1983, tuzo ya HCR kwa wanaotetea wakimbizi. Na mwaka 2014 Warundi zaidi ya 162,000 wa makundi yale walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Nchi haikuanguka. Kwa hiyo tunapoomba jembe na kibali hatuombi kitu cha Wazungu. Tunaomba kile ambacho Tanzania ilishawahi kukifanya ikapongezwa na dunia nzima.

Kuna watakaotuambia, angalieni Uganda yenu. Mwaka jana chakula cha mgao kilikatwa kabisa kwa karibu watu milioni moja, sasa hiyo haki ya kazi imewasaidia nini? Ni kweli wameumia. Mwenzetu wa Nakivale alituandikia kwamba kwao walikuwa wanapika mara moja kwa siku. Lakini katika ujumbe uleule alisema kaka yake ameenda Mbarara kutafuta kibarua cha ujenzi, kila Jumamosi anatuma kitu. Amepanda basi kama mtu yeyote. Kambini kwetu chakula kikipungua na geti limefungwa, kuna njia mbili tu: kulala njaa, au kutoroka alfajiri kwenda kulima kwa mwenyeji, na jioni hujui kama utalipwa au utaripotiwa. Mwenye shamba anajua huwezi kumshtaki. Kinachotutofautisha na yule wa Mbarara ni hicho.

Wengine watasema wenyeji wa Kigoma nao ni maskini, tena kuni zimeisha kwa sababu yenu, na kuna wizi. Hilo tunalisikia na lina ukweli. Kuna kijiji jirani ambako mtoto wa kike anatembea mbali kuliko zamani kutafuta kuni kwa sababu sisi tulishakata za karibu. Lakini wenyeji haohao ndio wanaouliza soko la pamoja litafunguliwa lini kama zamani. Soko lile mama wa Kitanzania aliuza ndizi na mama wa Kikongo aliuza vitenge na mafuta ya mawese, wakadaiana, wakazikana. Kufungwa kwake kuliwaumiza wote wawili. Mtu anayekosa kazi ya halali ndiye anayekwenda kukata kuni usiku. Kumfungia zaidi hakutarudisha msitu.

Sasa tuseme na ndugu zetu wa mashirika, bila kutaja mtu.

La kwanza, tuambieni ukweli wa kesi zetu, na mtuambie kwa maandishi. Mtu ambaye kesi yake imefungwa ana haki ya kujua imefungwa. Mtu ambaye mwenyewe hajui aambiwe hatujui. Hilo neno "bado" limeharibu maisha ya watu wengi kuliko neno "hapana".

La pili, punguzeni semina za ujasiriamali kwa watu wasioweza kutoka nje ya geti. Mmoja wetu ana vyeti saba ukutani: sabuni, ufugaji wa kuku, kuweka akiba, uongozi, sabuni tena. Sabuni anajua kuitengeneza vizuri sana. Hana pa kuiuza. Kama mko na nguvu ya kuongea na serikali, mtuombee kibali cha kwenda soko la kijiji mara mbili kwa wiki, tutawarudishia hivyo vyeti vyote.

La tatu, msituachie sisi wenye posho ya kujitolea kubeba habari mbaya peke yetu. Mgao ulipopunguzwa sisi ndio tuliosimama mbele ya mama mwenye watoto sita kumsomea kiasi kipya, halafu jioni tunarudi kuishi naye nyumba ya tatu. Wakubwa walikuwa wameshapanda gari. Tunajua ninyi pia mlipunguzwa kazini mwaka jana, Marekani ilikuwa inatoa karibu asilimia 40 ya fedha za HCR, na ilipofunga mkono wenzenu wengi walifunga mabegi yao wiki moja. Tuliwaona, wengine walilia. Basi mmeonja kidogo maana ya mtu wa mbali kusaini karatasi na wewe huku ukapoteza mpango wako. Tulitegemea hilo litusogeze karibu.

Na ninyi vijana wenzetu. Tuache kushabikia wakubwa kama timu za mpira, huyu Trump, yule Tshisekedi, mwingine Kagame. Katika makundi yetu ya simu watu waliokula sahani moja tangu utoto wameacha kusalimiana kwa sababu ya kabila na jina la rais, na marais wenyewe wanapeana mikono Washington. Tubishane, tena sana, lakini juu ya mambo yanayotuhusu hapa: mtihani, kibali, soko, kuni, ndoa za kuficha, kesi zilizolala.

Aliyeacha shule akarudi, hata kama ana miaka 23 na darasani wanamwita kaka. Mwenye mke amwandikishe. Mwenye nafasi ya mti mmoja nyuma ya nyumba apande. Kama ndege itakuja, mti utabaki kwa jirani, na sisi Waafrika hatujawahi kuhesabu mti aliokula jirani kuwa hasara.

Hatusemi mtu atupe karatasi zake. Mwenye kesi aifuatilie, asipokee simu za matapeli wanaouza nafasi, tarehe yake ikitoka apande ndege na Mungu amtangulie. Kuna wagonjwa hapa ambao dawa yao haipo Kigoma wala Dar es Salaam. Kuna watu wanaotafutwa mpaka humu ndani na waliowafukuza nyumbani. Kwa hao ndege ni uhai, na kwa ajili yao tunaomba Marekani na nchi nyingine zifungue mlango hata leo. Ila sisi wengine, wengi wetu, tulikuwa tumefanya tumaini la wachache kuwa ratiba ya kila mtu.

Yule fundi cherehani mashine yake ameirudisha. Mwenye nayo alikubali kumuuzia tena kwa malipo ya kidogokidogo, akamaliza kulipa mwezi Novemba kwa kushona sare za shule usiku na mchana. Sasa hivi anafundisha vijana wanne, mmoja wao ni mtoto wa yule aliyempa nyumba. Viatu vya barafu bado vimefungwa kwenye begi, ila miguu ya watoto wawili imeshavipita.

Wiki iliyopita alipita kwenye dawati letu, tukafikiri amekuja na lile swali. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwandikia barua ya kuomba kibali cha kwenda Kasulu kununua uzi. Tukamuuliza sisi, kwa utani, "Papa, na ndege je?"

Akasema, "Ikikuja nitapanda. Ila mashine siuzi tena mpaka nifunge mukanda ndani ya ndege."

Barua tumemwandikia. Jibu halijarudi. Likirudi tutawaambia.

Sisi vijana wa dawati la taarifa